Maelekezo ya Kufika kwa Arnubio

Ramani uliyopewa uwanja wa ndege, ikunje,
jipepee nayo; jua la Cali saa nane mchana halina mgeni.
Mimi Edelmira, mwenye nyumba nilikopanga,
aliniandikia njia nyuma ya ankara ya umeme,
kwa kalamu yake ya nyusi:
"Panda basi la buluu. Namba usiniulize.
Utashuka utakaposikia."
Nitakaposikia nini?
"Una masikio mawili, bwana. Hata moja lingekutosha."

Basi nami nakupa kama nilivyopewa.

San Antonio nenda kwa miguu.
Kilima kitakudai pumzi, na juu kuna kanisa dogo jeupe
lisilo na haraka ya kukurudishia.
Usikawie. Gitaa la pale linapigiwa sisi wenye kamera,
na glasi ya maji ya lulo hupanda bei
kwa kila neno unalolitamka vibaya.
Ila ikigonga saa kumi na moja, simama popote ulipo:
upepo unashuka kutoka milimani
kama mpangaji atokaye kazini,
unafungua madirisha, moja, jingine, jingine.

Siloé utapanda kwa kijumba cha vioo kinachoning'inia kwenye waya.
Chini yako mabati, na kila bati na redio yake;
nyimbo zinapokezana kama ndoo penye moto.
Mtoto aitwaye Yeferson alinionyesha kwa kidole:
"Pale kwa shangazi, bolero.
Pale ugomvi.
Pale bolero ya baada ya ugomvi."
Picha usipige. Zile ni sebule za watu.

Alameda, sokoni, ulizia akina mama wa chontaduro.
Pastora Hinestroza alinimenyea moja, rangi ya kutu,
akanyunyiza chumvi, akamimina asali,
akanitazama nikihangaika na unga wake kooni.
"Mbao za marimba kwetu Pasifiki," akasema,
"ni za ndugu wa mti huu. Tafuna kwa adabu."
Nikatafuna kwa adabu.

Sasa Obrero. Hapa sikiliza vizuri.
Kushoto kwa fundi viatu anayegongea soli kwa mapigo,
anayeruka pigo la nne makusudi.
Nyoosha mpaka tarumbeta ya kinyozi.
Kulia penye mwanamke anayemkosoa mwimbaji wa redioni.
Halafu...

Halafu umeme ulikatika.

Mtaa mzima, kwa mpigo mmoja, ukawa bubu.
Kona zote zikavaa sura moja.
Namba ukutani zilikuwepo, nyeupe, wazi kabisa,
na hazikuniambia kitu.
Nikamuuliza muuza bahati nasibu, mtu wa palepale;
akajikuna shingo: "Hata mimi, mwanangu,
nilikuwa naufuata wimbo."
Tukasimama wawili gizani, wenyeji wa hakuna mahali.

Mlango ulikuwa hatua kumi nyuma yetu.
Ndani mshumaa, santuri elfu nne zikipanda hadi dari,
na watu sita wameinamisha vichwa
kama wanaotafuta hereni iliyoanguka.
Arnubio, mzee wa viatu vyeupe,
alikuwa akiizungusha santuri kwa kidole cha shahada,
taratibu, kwa mwendo anaoujua mwilini,
na sindano, bila spika, bila waya wowote,
ilikuwa inaimba.
Sauti ya mbu. Lakini mbu mwenye tarumbeta tatu na kinanda.

Alinikonyeza nisogee. Nafasi ilikuwa finyu,
kati ya bega la dereva wa teksi na nywele za mjane fulani;
niliingiza sikio moja tu.

Basi la mwisho ni saa tano usiku.
Sikulipata, na wewe usijisumbue.
Ankara ninayo hata leo. Upande wa pili
Edelmira anadaiwa miezi miwili.